Gari Lipimwe Kutoka Kiti cha Nyuma

Anayekwenda kununua gari dogo hapa Bariadi huanza na maswali ambayo kila mtu anayajua. Linakula mafuta kiasi gani? Spea zake zinapatikana Mwanza au mpaka ziagizwe Dar es Salaam? Chini limenyanyuka vya kutosha kuvuka makorongo wakati wa masika? Ni namba D au namba E? Kisha hufungua mlango wa dereva, hukaa, hushika usukani, huvuta kiti mbele na kukirudisha nyuma, hupandisha kioo na kukishusha. Akitoka hapo ameridhika. Kiti cha nyuma hukitazama kupitia dirishani, pengine akakibonyeza kwa kiganja kuona kama kitambaa hakijachanika, halafu maongezi yanahamia kwenye bei.

Jambo hili limenikaa moyoni kwa sababu wengi wetu katika Mkoa wa Simiyu tunalijua gari dogo kutokea nyuma. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497 katika mkoa huu, na wenye gari lao wenyewe ni wachache mno mbele ya wale wanaopanda la mtu. Kwa hao walio wengi, Toyota ni nusu ya siti, kona ya mlango inayochoma nyonga, goti la jirani, na mgongo wa kiti cha mbele uliosimama karibu na pua. Usukani na dashibodi wanaviona kwa mbali. Tukitaka kuzungumza kwa haki habari za nafasi na starehe ndani ya gari dogo, tuanzie walipo watu.

Asubuhi kwenye stendi ya Bariadi magari hayo hupangwa yakiitazama barabara. Michomoko, ndivyo tunavyoyaita. Basi lina saa yake, Hiace inangoja watu wengi, lakini mchomoko ukipata abiria wake unawashwa na kuondoka, iwe ni kwenda Lamadi, Dutwa, Maswa au Lagangabilili. Tangu lami ilipokamilika kutoka Lamadi hadi Bariadi, kisha ikaendelea kupitia Maswa hadi Mwigumbi kwenye barabara kuu ya Shinyanga na Mwanza, biashara hii imenoga. Mama anayempeleka mtoto kliniki, mwalimu anayefuata fedha benki, mkulima aliyelipwa pamba yake na anataka kuwahi mabati dukani, wote wanahitaji gari linaloondoka sasa hivi. Hitaji hilo nalithamini. Mchomoko umewafikisha wagonjwa hospitali saa ambazo hapakuwa na basi, na unaingia vijiji ambavyo Coaster haijawahi kukanyaga.

Lakini huko kujaa kuna hesabu yake. Kadi ya gari inasema watu watano, dereva akiwemo. Mpigadebe anapaza sauti, "Bado mmoja, bado mmoja!" hata wakiwa wameshafika saba. Nyuma wanakaa wanne. Mbele, pembeni ya dereva, wanakaa wawili, mmoja wao akiwa amekalia pengo lililopo kati ya viti. Na kama buti lina nafasi, watapatikana wa kuingia humo pia, hasa watoto na vijana, wamekunja magoti juu ya magunia.

Tupime upana wenyewe. Magari madogo tunayoletewa kutoka Japani yalichorwa ndani ya mipaka ya sheria ya huko: ili lihesabiwe katika daraja la magari madogo, gari lisizidi upana wa mita 1.7, urefu wa mita 4.7, kimo cha mita 2, wala injini ya cc 2,000. Watengenezaji wakasogea hadi ukingoni mwa mpaka huo na kusimama. Ndiyo maana IST ya kwanza ina upana wa milimita 1,695, Spacio 1,695, Raum 1,690 na Probox 1,690. Dalali atakuapia kwamba hili ni pana kuliko lile, na tofauti anayoisemea haifiki unene wa penseli. Ondoa unene wa milango miwili na sehemu za kuwekea mkono, zinabaki kama sentimita 140 za kukalia. Wagawie watu watatu, kila mmoja anapata sentimita 46 na ushei, ambazo ndizo karibu upana wa mabega ya mtu mzima. Wagawie wanne, kila mmoja anabaki na 35. Mtu mzima mwenye mabega ya sentimita 35 ni nadra. Kwa hiyo dereva anageuka na kutoa maelekezo ambayo kila msafiri wa huku anayajua: "Mmoja mbele, mmoja nyuma." Wawili wanaegemea, wawili wanakaa ukingoni wameinama. Aliye ukingoni hana egemeo, hana mkanda, na mikono yake inashika kiti cha mbele safari nzima.

Hesabu hiyo inabadilisha namna ya kulinganisha magari haya. Kwa kuwa upana wa yote unakaribia kuwa mmoja, yanatofautiana kwa mambo matatu: umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kimo cha ndani, na kazi ambayo mchoraji alikipangia kiti cha nyuma. Hili la tatu ndilo zito kuliko yote, na sijawahi kuliona kwenye tangazo lolote la kuuza gari.

Chukua Probox, mfalme wa stendi zetu. Toyota ilianza kuiuza Julai 2002. Mtu iliyemkusudia alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya Kijapani anayeshinda barabarani akizungukia wateja, nyuma kabeba sampuli, vipuri au zana zake. Huyo alifikiriwa kwa makini. Alipewa kiti cha mbele kinachovumilika mchana kutwa na kimeza cha kuandikia na kulia chakula, na toleo la mwaka 2014 likaongeza hata mahali pa kusimamisha boksi la maziwa la lita moja. Nyuma yake palikuwa pa mzigo: kilo 400 wakipanda watu wawili, kilo 250 wakipanda watano. Sheria ya Japani inataka gari la mizigo liwe na eneo la mzigo lililo kubwa kuliko eneo la abiria. Basi kiti cha nyuma kikabanwa. Kikafanywa chembamba, mgongo wake mfupi na umesimama wima, ili kikikunjwa kilale na kuacha sakafu tambarare. Mara nyingi hakina hata mto wa kichwa. Mchoraji hakufanya uzembe wowote. Alitengeneza kiti cha kumsogezea mfanyakazi mwenzake mwendo mfupi, siku moja moja, na siku nyingine zote kibaki kimekunjwa chini ya maboksi.

Kiti hicho ndicho kinachobeba watu wanne kutoka Bariadi hadi Lamadi, zaidi ya kilomita 70, mara kadhaa kwa siku, kila siku ya mwaka.

Springi za nyuma nazo zilikazwa kwa ajili ya mzigo. Gari likiwa na watu wawili hurukaruka. Likijazwa kupita kiasi hushuka hadi mwisho, na kila shimo hugonga chuma kwa chuma. Ugumu tunaousifu na maumivu tunayoyalalamikia vimetoka katika uamuzi mmoja wa kiwandani, kwamba nyuma ni pa mizigo. Kuna Probox nyingine, ya abiria, ambayo Toyota iliiuza hadi mwaka 2013, nayo ilikuwa na kiti cha nyuma cha kukaliwa na mtu. Kwa nje zinafanana mno. Zinatofautishwa na namba ya chasisi: zile za mizigo ni NCP50V, NCP51V na NCP55V, na zile za abiria ni NCP58G na NCP59G. Herufi moja ya mwisho inaeleza gari lilitengenezwa kwa ajili ya nani, na wanunuzi wengi hawaisomi.

Mwili nao una mahesabu yake. Katika miaka ya 1960 daktari wa mifupa wa Uswidi, Alf Nachemson, aliingiza sindano yenye kipimo ndani ya diski za uti wa mgongo za watu waliokubali kupimwa, akaangalia shinikizo wakiwa wamelala, wamesimama na wamekaa. Waliokaa wameinama mbele bila egemeo, diski zao zilibanwa kwa nguvu nyingi. Vipimo vilivyofuata katika miaka ya 1970 vilionyesha kwamba mgongo wa kiti ukilala nyuma kidogo, na kiuno kikapata cha kukishikilia, shinikizo linapungua. Mrudie sasa yule abiria aliyeambiwa akae mbele, ukingoni, amekumbatia kiti cha mwenzake. Amewekwa katika mkao ule ule ambao mgongo unauchukia, na chini yake gari linatikisika.

Mtikisiko wenyewe una viwango vyake. Mwili uliokaa huumia zaidi unapopandishwa na kushushwa mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Springi laini hulifanya gari libembee taratibu, kama mara moja au moja na nusu kwa sekunde, na hilo mtu hulivumilia, pengine hata akasinzia. Springi ngumu, tairi zilizojazwa upepo mwingi ili zibebe watu wengi, na kiti chembamba huipitisha barabara ilivyo hadi kwenye mifupa. Kwenye lami tofauti hiyo ni ndogo. Ukiiacha lami na kuingia barabara za vumbi za Itilima na Meatu, pale ambapo udongo mweusi wa mbuga ukilowa unashika tairi na ukikauka unapasuka na kuacha vijituta vinavyofuatana, hapo kiti cha nyuma kinasema ukweli wake wote.

Wazee wetu huzitaja Peugeot 404 na 504 kwa heshima wasiyoyapa magari mengine. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1966 na tena 1967 akiendesha 404, na jina la gari hilo likaenea hadi vijijini. Watu walisifu injini. Mimi naamini sifa kubwa ilistahili springi zake, zilizokuwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, pamoja na viti vinene vilivyomchukua mtu vizuri. 504 ya familia, yenye safu tatu za viti, ilikuwa na mita 2.9 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Waliobanana humo walibanana kweli, lakini walikuwa wamekalia kiti kilichochorwa kwa ajili ya binadamu.

Na kabla ya michomoko tulikuwa na baiskeli. Simiyu ilifanywa mkoa mwaka 2012. Hapo awali Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa za Shinyanga, na Busega ilikuwa ya Mwanza. Katika nchi hiyo yote ya Wasukuma baiskeli ya abiria ilikuwa usafiri wa heshima, na wengi waliiita daladala. Anayeikumbuka ataukumbuka mto wake wa nyuma. Juu ya keria palifungwa sponji nene, likavishwa ngozi ya bandia ya rangi kali, likashonewa nakshi na vishada pembeni. Chini paliwekwa vyuma vya kukanyagia, na mbele ya abiria mahali pa kushika. Tandiko la mwenye baiskeli mwenyewe lilikuwa limechakaa hadi chuma kinaonekana. Aliyekaa pagumu alikuwa dereva, na aliyelipa alikaa palipo laini.

Kwa nini baiskeli ilimheshimu mtu wa nyuma na gari halimheshimu? Sidhani kwamba vijana wa zamani walikuwa na roho nzuri kuliko wa leo. Sababu iko kwenye zamu. Waendesha baiskeli walisimama pamoja, na abiria akachagua. Macho yake yalitua kwanza kwenye mto. Mwenye mto mchafu au mgumu alilala njaa. Michomoko hupakia kwa zamu: gari la kwanza lijae ndipo la pili lifungue milango. Utaratibu huo umezuia ugomvi na unampa kila dereva riziki yake, lakini umemwondolea abiria uwezo wa kuchagua. Mwenye gari akitumia fedha kurekebisha kiti cha nyuma hapati abiria hata mmoja wa ziada. Mwenye kiti kilichobonyea hampotezi hata mmoja. Kwa nini basi atie sponji mpya?

Niyaseme na magari mengine, maana Probox haiko peke yake.

IST inapendwa na vijana na wafanyakazi wa ofisini, na kwa dereva ni gari tamu. Ina milimita 2,370 kati ya magurudumu, sawa na Vitz ya mwaka 1999 ambayo ndiyo iliyoizaa. Kiti chake cha nyuma kina sponji ya maana kuliko cha Probox, ila mrefu akikaa mbele, mrefu wa nyuma hana pa kuweka magoti. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba Passo, ambayo kwa nje ni fupi kuliko IST kwa zaidi ya sentimita 20, ina milimita 2,440 kati ya magurudumu yake. Ufupi wa nje hausemi ya ndani. Hili lilijulikana tangu mwaka 1959, Alec Issigonis alipoilaza injini ya Mini kwa upana wa gari na kuyasukuma magurudumu hadi kwenye pembe nne, akapata gari la takriban mita 3 tu ambalo sehemu kubwa ya sakafu yake ilikuwa ya watu na mizigo yao. Karibu kila gari dogo linalopita leo mbele ya soko la Bariadi linafuata wazo hilo.

Spacio ya mwaka 2001 ina milimita 2,600, na Wish ya 2003 ina 2,750. Safu yao ya pili, kwa watu watatu, ndiyo ninayoiona bora kuliko zote katika magari ya kiasi hiki: miguu inanyooka na mgongo wa kiti unalala kidogo. Safu ya tatu ni habari nyingine. Imekaa juu ya magurudumu ya nyuma, sakafu imepanda, magoti yanakaribia kidevu, na kichwa kiko jirani na kioo cha nyuma. Ilikusudiwa watoto, kwa safari fupi. Humo barabarani kwetu huingizwa watu wazima wawili, na dereva huwakumbusha kwamba gari hili ni la watu saba, kwa hiyo ana haki. Kadi inampa haki ya kuhesabu vichwa. Miguu haikuulizwa.

Raum sina budi kuisifia kwa urefu. Ile ya mwaka 2003 milango yake ya nyuma huteleza pembeni, na upande wa kushoto haina nguzo ya katikati. Nguzo imefichwa ndani ya milango yenyewe. Ukiifungua yote miwili, ubavu mzima wa gari uko wazi. Toyota iliitengeneza ikifikiria watu wa kila umri na kila hali ya mwili, wazee wakiwemo, na kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, uwazi huo unaangukia kando ya barabara, upande salama wa kupandia. Haipendwi sana na vijana wetu, wanasema ina sura ya kizee. Lakini nimeona mama mjamzito akishushwa humo mbele ya hospitali bila kupinda mgongo, na nimeona mzee mwenye mguu wa bandeji akiingia kwa kukaa kwanza, kisha miguu ikafuata. Kwenye Vitz angeanza kwa kuinamisha kichwa, kisha bega, kisha amwombe mtu amvutie mguu. Kwa mgonjwa, kuingia na kutoka ni nusu ya safari, na watu wanaolinganisha magari husahau kabisa kuupima mlango.

Kirikuu ina upana wa mita 1.48 tu na viti viwili, na ni gari la mizigo. Wanaopanda nyuma yake hawana kiti cha kulinganisha.

Kuna jambo jingine linalonigusa kama mtu wa mkoa wa pamba. Viti vya magari ya kale vilijazwa springi, singa za farasi na pamba. Kisha Mjerumani Otto Bayer na wenzake, huko Leverkusen mwaka 1937, wakagundua kemikali iliyokuja kuzaa sponji, na kuanzia miaka ya 1950 sponji hiyo ikaenea katika viti vya gari na makochi ya dunia nzima. Ni nyepesi, inarudi ikibonyezwa, na inamiminwa katika umbo lolote. Lakini ina umri. Gari la miaka 15 au 20 linapofika kwetu, sponji ya nyuma imeshachoka, na baada ya miaka michache ya abiria wanne wanne inabaki kama unga chini ya kitambaa. Mafundi makochi wa mjini wanaweza kuitengeneza. Wanakata sponji nzito mpya, wanaipunguza kingo kwa kisu, wanaweka tabaka la pamba juu ili isikwaruze, wanashona upya. Kazi hiyo inamalizika siku moja. Magari mengi wanayoletewa ni ya watu binafsi, na kiti wanachoombwa kukitengeneza, mara nyingi, ni cha dereva.

Na hata fundi akimaliza, wapo wanaovifunika viti kwa nailoni ili visichafuke. Kwenye jua la Simiyu la Septemba, abiria anakaa juu ya jasho lake mwenyewe. Nailoni inalinda kitambaa kwa ajili ya mnunuzi atakayekuja miaka ijayo, na leo inamtesa aliyelipa nauli.

Starehe hiyo ndogo iliyopo nayo ina bei. Mwenye uwezo hulipia siti mbili za mbele na kukaa peke yake pembeni ya dereva, na sina neno naye. Fedha ni yake. Kinachoniuma ni wale ambao mwili wao unahitaji nafasi na mfuko wao hauna. Siku moja kwenye gari la kwenda Lamadi, ambako wengine wangeunganisha kupitia Nyashimo na Magu hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, bibi mmoja mwenye maumivu ya nyonga alikuwa amebanwa mlangoni, na dereva, kijana mwenye adabu, akamwambia, "Bibi, shikamoo. Naomba usogee kidogo, tumpate na mama huyu mwenye mtoto." Bibi akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu. Nisogee wapi, nami nimeshafika ukutani?" Pakawa kimya. Kijana aliyekaa mbele akashuka, akamfungulia mlango, akasema, "Njoo ukae huku, bibi, mimi nitabanana nyuma." Wote tulimshukuru. Lakini nilijiuliza njia nzima, kwa nini nafasi ya mgonjwa ingoje hadi atokee kijana aliyelelewa vizuri? Ingekuwa kanuni ya stendi, bibi yule asingelazimika kuulizwa.

Najua dereva ana hesabu ya jioni. Gari mara nyingi si lake. Kuna kiasi anachotakiwa kumpelekea tajiri kila siku, mafuta yamepanda, na watu watatu nyuma badala ya wanne ni robo ya mapato ya kiti cha nyuma imepotea. Anayemlaumu dereva peke yake hajaona mnyororo ulivyo mrefu. Unaanzia kwa mwenye gari anayeagiza Probox yenye herufi V kwa kuwa ni nafuu, akijua itabeba watu.

Basi neno langu nalielekeza kwake kwanza. Ndugu unayeagiza gari la kubebea watu, kabla hujatuma fedha Japani soma namba ya chasisi. Gari likifika, kaa kiti cha nyuma, wewe mwenyewe, na watu wawili wa umri wako pembeni, mwende hadi Lagangabilili na kurudi. Angalia magoti yako yanagusa nini. Angalia kichwa kinapogonga. Ukishuka umeshika kiuno, lipeleke gari kwa fundi makochi kabla hujalipeleka stendi. Na viongozi wa madereva wanaosimamia zamu wanaweza kuweka kanuni mbili bila kungoja amri ya mtu: nyuma watu watatu, na siti ya mbele kwanza kwa mgonjwa, mjamzito na mzee. LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, na askari wa usalama barabarani wana uwezo wa kuhesabu vichwa. Sponji hawataikagua, hiyo ni kazi yetu sisi tunaolipa nauli, kwa kusema.

Nami nikiulizwa nichague katika magari madogo yanayofika Bariadi leo, kwa mgonjwa nitachukua Raum, kwa familia nitachukua Spacio au Wish huku safu ya tatu imekunjwa, kwa mtu mmoja au wawili wa mjini Passo inatosha. Probox ya herufi V ni gari zuri sana la kubebea magunia, na huko ndiko irudishwe.